Bati la Ndani la Madigadi Likipasuka

Mkulima mwenye gari la shamba, liwe Land Rover kuukuu au Land Cruiser, huangalia sana magurudumu, oli na breki. Ni mara chache afungue boneti kwa ajili ya kulitazama lile bati lililo kati ya gurudumu na injini. Hilo ndilo tunaloliita bati la ndani la madigadi. Madigadi ya nje ndiyo yanayoonekana na watu na kupakwa rangi nzuri. Bati la ndani limejificha, lakini ndilo lenye kazi. Limebeba betri. Limeshika mabomba ya breki na nyaya za taa. Linazuia tope na mawe yasirushwe kwenye injini. Na katika magari mengine, kama tutakavyoona, limebeba uzito wa gari lenyewe.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira bati hili lina maisha magumu. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, vilima ni vikali, na barabara nyingi za kwenda mashambani ni za changarawe. Mashamba ya Nyansiongo na ya skimu nyingine za Borabu yaligawanywa katika miaka ya 1960, katika ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, na mengi hayapakani na lami hata leo. Maziwa ya asubuhi hayangoji, na majani ya chai yaliyochumwa leo yanatakiwa kiwandani leo. Gari likilala kwa fundi siku tatu, hasara haihesabiwi kwa malipo ya fundi peke yake. Kwa hiyo yafaa kazi hii ifanywe mara moja, ikafanywa sawasawa, kuliko kuchomelewa kila msimu wa mvua.

Kwa nini linapasuka

Chukua kipande cha waya wa ua, ukikunje huku na huku mahali pamoja. Mara ya kwanza hakikatiki, wala ya pili. Baada ya mara nyingi kinakatika mkononi, ingawa hukuongeza nguvu. Bati nalo ni hivyo hivyo. Halipasuki kwa pigo moja, ila kwa kutikiswa kidogo kidogo maelfu ya mara.

Anayelitikisa zaidi ni betri. Betri ya gari la dizeli ina uzito wa kilo 20 hivi, nayo imekalishwa juu ya bati ambalo unene wake ni kama milimita moja tu. Gari likienda mbio juu ya barabara yenye mikunjo kama ya mabati, kila mkunjo unairusha betri juu na kuiangusha tena. Ikiwa kamba ya betri, yaani kile chuma cha kuifunga, imelegea au imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, pigo huwa kubwa zaidi. Wenye kuongeza betri ya pili upande wa pili, kwa ajili ya taa au redio, wameongeza mzigo mahali ambapo mtengenezaji hakuuweka. Land Cruiser za aina ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zinasifiwa kwa nguvu zake, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo bati lake la ndani hupasuka vivyo hivyo likitwishwa namna hii.

Sababu ya pili ni mipira ya bodi. Katika magari mengi yenye chasisi, bodi haikukazwa juu ya chuma moja kwa moja. Imekaa juu ya raba nene. Gurudumu moja likiingia mtaroni, chasisi hujipinda kidogo, na raba zile huizuia bodi isipindwe pamoja nayo. Raba zikiisha au bolti zake zikilegea, kila mpindo huingia katika bodi, na mahali pembamba ndipo panapoachana. Shokomzoba zilizokufa huongeza mambo hayo.

Ya tatu ni kutu, na hapa wakulima tuna kutu zetu wenyewe. Tope jekundu lililogandamana ndani ya madigadi hushika maji kama sifongo, hata siku za jua. Mbolea ya chumvichumvi inayomwagika kutoka guniani hula chuma haraka kuliko maji matupu. Maji ya betri ni asidi, na yakichuruzika hula kile kikalio cha betri na bati lililo chini yake. Dawa ya asidi iko jikoni kwako: koroga magadi katika maji, mwagia mahali palipochafuka, ngoja povu liishe, kisha suuza kwa maji mengi safi. Vizibo vya betri viwe vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yataiua betri.

Lijue gari lako kwanza

Jambo hili lisipuuzwe, kwa kuwa linahusu maisha ya watu. Magari yako ya namna mbili. Ya kwanza ni yale yenye chasisi, kama Land Rover za zamani, Land Cruiser na pikapu nyingi. Hapo springi na shokomzoba zimeshikwa na chasisi. Bati la ndani likipasuka, betri yaweza kuangukia feni, bomba la breki laweza kusuguliwa mpaka litoboke, au ncha ya betri ikagusa boneti na kuwasha moto. Hayo ni mabaya ya kutosha, lakini gurudumu litabaki mahali pake.

Namna ya pili ni magari yasiyo na chasisi ya peke yake, ambayo bodi yenyewe ndiyo mifupa. Toyota Probox, iliyotoka mwaka 2002 na ambayo siku hizi inabeba ndizi, chai na watu katika kila njia ya kwetu, ni ya namna hiyo. Fungua boneti utaona kila upande kichwa cha mviringo kimefungwa kwa bolti. Hapo ndipo shokomzoba na springi ya mbele zinaposhikwa, juu ya lile bati la ndani. Uzito wote wa mbele unasimama hapo. Ufa ukionekana kuzunguka kichwa hicho, au bati likionekana limevimba kwenda juu, gari hilo lisibebe abiria wala mzigo, na lisiendeshwe mpaka fundi wa bodi mwenye ujuzi na vipimo alishughulikie. Maelezo tunayoyatoa hapa chini si ya ufa wa namna hiyo. Ni ya magari yenye chasisi.

Kuutafuta ufa mpaka mwisho wake

Osha kwanza. Ondoa tope lote ndani ya madigadi kwa maji na brashi ngumu, kisha acha pakauke. Nyufa nyingi huanzia kwenye tundu la bolti, kwenye kona ya kikalio cha betri, au mahali bati lilipokunjwa. Ufa unaouona kwa macho una mkia usioonekana, na ukiziba bila kuupata mkia huo, umeziba kazi bure.

Njia rahisi ni mafuta ya taa na chaki ya shule. Injini iwe imepoa, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Paka mafuta ya taa juu ya ufa na kuuzunguka, ngoja dakika kumi, kisha futa vizuri kwa kitambaa kikavu. Sugua chaki nyeupe juu yake. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi katika weupe wa chaki. Tazama mstari unapoishia, na kama una matawi, tia alama kila tawi.

Alama itakayovumilia moto wa kuchomelea isiwe ya chaki wala ya kalamu. Mafundi wa chuma huandika kwa jiwe la sabuni, kwa sababu alama yake haiungui upesi. Mkulima wa Kisii hana haja ya kulinunua dukani, maana ndilo lile lile linalochimbwa Tabaka na kuchongwa vinyago. Kipande kilichotupwa na mchongaji chatosha.

Sasa toboa tundu la milimita 4 mwisho wa kila ufa, mbele kidogo ya pale mstari ulipoishia. Wengi hushangaa kuambiwa watoboe bati lililopasuka. Lakini ncha ya ufa ni kali kama ncha ya kisu, na nguvu zote za mtikisiko hukusanyika hapo. Tundu la mviringo huondoa ncha hiyo, na ufa hukosa pa kushika uendelee.

Kabla ya moto

Toa betri kabisa garini. Anza kwa kufungua waya unaokwenda kwenye bodi, ambao katika magari karibu yote ni wa hasi; ukianza na ule mwingine na spana ikagusa bodi, cheche itaruka. Betri hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo iwekwe mbali na mahali pa kazi. Fungua nyaya za altaneta. Kama gari ni la miaka ya karibuni lenye kompyuta, plagi za kompyuta nazo zifunguliwe. Mabomba ya breki yafunguliwe vishikizo vyake na kusogezwa polepole bila kukunjwa. Katika magari mengine chujio la dizeli limefungwa hapo hapo. Liondolewe, na dizeli iliyomwagika ifutwe. Nyuma ya bati, upande usioonekana, ndipo nyaya nyingi huungua. Mtu mmoja asimame na ndoo ya mchanga akitazama upande huo muda wote.

Waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ubanwe karibu na ufa, juu ya chuma safi. Fundi akiubana kwenye bampa la nyuma kwa kuwa ndipo panapofikika, umeme utajitafutia njia kupita katika beringi na nyaya za gari.

Bati lililopakwa zinki lisuguliwe mpaka zinki iishe pale moto utakapopita, kwa sababu moshi wake huleta homa na kifua kubana. Fanya kazi penye upepo. Wako wanaosema kwamba bilauri ya maziwa huondoa moshi huo mwilini. Maziwa ni chakula chema, lakini hayafiki kwenye mapafu. Na miwani ya jua si kinga ya macho ya mchomeleaji. Atumie kioo cheusi cha kazi yenyewe.

Kuchomelea na kutia kiraka

Hapa ndipo mkulima na fundi huanza kutopatana.

"Mzee, nitaliziba kwa nusu saa tu," fundi husema.

"Kijana wangu, nusu saa ni ya ufa. Hicho kilichouleta utakiondoa saa ngapi?"

Swali hilo ni la haki, na fundi mwema hatakasirika. Ufa ulioshonwa kwa mstari mmoja wa moto, bila kiraka, hupasuka tena kando ya mshono, kwa kuwa moto umeligeuza bati hapo na mzigo uko pale pale. Na ufa uliojazwa puti ya bodi na kupakwa rangi haukutengenezwa, umefichwa tu.

Kwanza rudisha bati mahali pake. Likiwa limeshuka, liinuliwe kwa jeki ndogo na kipande cha ubao mpaka kingo za ufa zikutane. Kisha ufa ushonwe kwa vidonda vidogo vya moto, kimoja hapa, kingine mbali nacho, na kupumzika katikati ili bati lisipindike. Usimwagie maji kulipoza. Mashine ya waya au ya gesi ni bora kwa bati jembamba. Ikiwa iliyopo ni ya vijiti, vitumike vijiti vyembamba vya milimita 2 au chini yake. Vile vya milimita 2.5 na 3.2 vya kutengenezea milango ya chuma vitatoboa bati kama moto wa kiberiti katika karatasi.

Kiraka kikatwe kutoka chuma cha geji 16 au 18, yaani unene wa milimita 1.2 hadi 1.6. Bati la kuezekea nyumba, la geji 30, ni jembamba mno. Kosa linalozidi hilo ni kutumia chuma kinene, kama kipande cha kitanda cha zamani au chuma cha pembe cha milimita 5. Mkulima hukitazama na kufurahi, kwa kuwa kinaonekana hakitavunjika. Kweli hakitavunjika, kitakachovunjika ni bati jembamba lililo ukingoni mwake, kwa sababu chuma kinene hakikubali kupinda na kazi yote ya kupinda inaachiwa mstari ule mmoja. Kiraka kizidi unene wa bati kidogo tu. Ukitaka nguvu zaidi, kunja ukingo wake mmoja sentimita moja na nusu. Mabati ya paa yana nguvu kwa sababu ya mikunjo, si kwa sababu ya unene.

Kata kielelezo kwa karatasi ya katoni kwanza. Kiraka kiuzidi ufa kwa sentimita 5 kila upande, na kona zake ziwe za mviringo. Weka mdomo wa kikombe juu ya kona na uchore. Kona kali huanzisha ufa mpya. Kifinyange kwa nyundo juu ya gogo mpaka kilale sawasawa na bati, bila kulazimishwa. Kisha kitobolewe matundu ya milimita 8, yakiachana sentimita 4, na kila tundu lijazwe moto ili kiraka kishikane na bati chini yake. Ukingoni itoshe mishono mifupi ya sentimita moja na nusu, yenye nafasi kati yake, na kona ziachwe bila kuchomelewa.

Jambo moja bado. Fundi mwingine atakushauri uweke mguu wa chuma kutoka kikalio cha betri mpaka kwenye chasisi. Ushauri huo unavutia, nao ni mbaya. Tumesema bodi inakaa juu ya raba ili itembee peke yake. Ukiiunga na chasisi kwa chuma, kila mtaro utaivuta kupitia mguu huo, na ufa utarudi. Uzito wa betri ugawanywe ndani ya bodi yenyewe: kikalio kiungwe na ukuta ulio mbele ya dereva, au na ile fremu inayoshika rejeta. Betri ya pili ni heri ihamishiwe nyuma, katika sanduku lililofungwa kwa bolti na lenye tundu la kutolea hewa nje.

Land Rover za zamani

Land Rover, tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, ilifanywa bodi ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Madigadi yake hayashiki kutu kama ya chuma, lakini hupasuka, na vijiti vya kawaida vya kuchomelea chuma haviwezi kuishona aluminiamu. Utaijua kwa sumaku: haishiki. Kwa mkulima, njia ya bolti ni bora. Toboa miisho ya ufa kama tulivyosema, kata kiraka cha aluminiamu cha milimita 2, kifunge kwa bolti za milimita 6 zenye washa pana, au kwa ribiti. Mahali chuma na aluminiamu zinapokutana pawekwe rangi nzito au kipande cha mpira mwembamba, hata chini ya washa. Vyuma hivi viwili vikigusana katika unyevu, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe, na baada ya miaka michache bolti hubaki zinaning'inia.

Rangi, na kuangalia baadaye

Sugua masizi yote ya moto, paka rangi ya msingi yenye zinki pande zote mbili, ziba ukingo wa kiraka kwa gundi ya bodi isiyopitisha maji, kisha rangi ya juu. Upande wa gurudumu upakwe ile rangi nzito nyeusi ya chini ya gari. Oli chafu ya injini isipakwe hapo, maana huharibu mipira ya breki, na tope huishikilia vizuri kuliko linavyoshikilia chuma. Matundu ya kutolea maji yaliyotobolewa kiwandani yasizibwe.

Kabla betri haijarudi, kagua raba za bodi na bolti zake na ubadilishe zilizokwisha. Weka kipande cha mpira mgumu chini ya betri, ifunge kwa chuma chake, na waya wa hasi uwe wa mwisho kufungwa. Rudisha vishikizo vyote vya mabomba ya breki, hata kile kimoja kilichokuwa kigumu kufikika, kisha mtu akanyage breki kwa nguvu huku wewe ukitazama kama kuna unyevu wowote.

Upande wa injini, rangi ya juu iwe nyeupe au ya kijivu hafifu, wala si nyeusi. Ufa mpya ukianza, kutu itachora mstari wa kahawia juu ya weupe nawe utauona ungali mfupi kama ukucha. Tazama baada ya kilomita 500 za kwanza, na baadaye kila unapobadilisha oli.